Pikipiki ya Mchina ya cc 125 kufungwa bloku ya 150: yaliyonikuta kwenye yangu hapa Mwanza

Mkuu umesema Mchina wako wa 125 injini ya fimbo (ile ambayo valvu zinasukumwa na fimbo ndefu) kachoka, anatoa moshi, ukipakia magunia mawili ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, kilima cha Isamilo unashuka unasukuma, na kwa vile unafungua injini kuifanyia ovaholi unataka uweke bloku (nyumba ya pistoni) ya 150 au ya 200 kabisa. Mimi nimepita humo humo, mara ya kwanza niliua injini, mara ya pili ndo ikakubali, so soma taratibu.

Ya 200 isahau. Hizi injini zimenakiliwa toka CG125 ya Honda, pistoni ya 125 ina upana wa milimita 56.5 na inapanda na kushuka milimita 49.5. Ya 150 wamenenepesha pistoni tu ikawa 62, mwendo ule ule 49.5, ndo maana inazungumzika. Ya 200 pistoni ni 63.5 ila mwendo ni 62.2, yaani krenki nyingine (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kesi nyingine (gamba la chini la injini), na kumbuka namba ya injini iko kwenye kadi ya pikipiki, ukibadili kesi jiandae kujieleza barabarani.

Kuna watakaokwambia chonga tu bloku uweke pistoni ya ovasaizi, yaani nene kidogo kuliko ya mwanzo, nguvu itaongezeka. Ukichonga mpaka ile ya milimita 1.00 pistoni inakuwa 57.5, piga hesabu, toka cc 124 unafika 128. Cc nne! Ile nguvu unayoisikia ukitoka kuchonga ni kompresheni (mgandamizo wa hewa juu ya pistoni) iliyorudi. Na wala usiidharau, pikipiki nyingi hapa mjini zinazosemwa hazina nguvu ni ringi na valvu zimekwisha basi, halafu hili ziwa letu lenyewe liko zaidi ya mita 1100 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, injini ndogo inaanza na upungufu hata ikiwa mpya.

Sasa yangu. Nilinunua seti ya 62 nzima, bloku, pistoni, ringi na gasketi, fundi akasema inaingia kama ilivyo. Haikuingia. Slivu (bomba la chuma la ndani ya bloku) ya 150 ni nene kuliko mdomo wa kesi ya 125, jamaa akachukua tupa akaanza kukwangua kesi hivyo hivyo ikiwa imefungwa, chenga zinadondokea ndani huku ananiambia ataosha na petroli, na mimi nimekaa kwenye tairi bovu namwangalia! Konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) akaigusa akasema inacheza kidogo tu, haina shida. Wiki mbili nilikuwa mfalme. Ya tatu nimetoka Mwaloni na mzigo naelekea Buhongwa, napandisha pale Nyegezi nikasikia kok kok kok kama mtu anatwanga kisamvu, nikajifanya sisikii, mbele kidogo injini ikakamata, tairi la nyuma likaburuza. Dagaa nilipakia kwenye bajaji.

Mara ya pili nikapelekwa kwa mzee mmoja Igoma. Huyu alipasua injini yote mezani, akaishika konrodi kwa vidole viwili akaivuta juu, akaisukuma chini, kimya, kisha akanishikisha na mimi. "Ng'wanawane (mwanangu), ikicheza kushoto kulia kidogo ni sawa, inatakiwa. Juu chini ukisikia hata tik, hiyo ni maiti." Nikasema sawa mzee, nunua. Konrodi mpya, beringi za krenki mpya, kesi tupu zikaenda kwa mchonga vyuma kupanuliwa mdomo kwa mashine, zikarudi zikaoshwa na sabuni mpaka maji yakawa meupe. Akafungua na kile kikombe pembeni ya krenki kinachozunguka na kudaka uchafu wa oili, maana hizi injini hazina ile filta ya karatasi. Mle ndani tope jeusi limeganda kama lami, nadhani halikuwahi kufunguliwa tangu pikipiki inunuliwe.

Na kichwa pia weka cha 150. Bakuli la kichwa cha 125 ni jembamba kwa pistoni ya 62, ukilazimisha kompresheni inapanda kupita kiasi na injini inagonga ikipewa mzigo. Nafasi ya valvu alipima na kipimo, milimita 0.08, injini ikiwa ya baridi, hakuna cha kusikiliza kwa sikio. Kabureta niliacha ile ile ila jeti kubwa (kitundu cha kupitishia petroli) tulipandisha namba mara mbili, ya kwanza plagi ilitoka nyeupe kama unga wa muhogo, yaani mafuta hayatoshi na hapo ndo pistoni zinayeyuka, ya pili ikatoka kahawia tukaiacha.

Matokeo: cc 149, na kilima nilichokuwa napanda gia ya pili nikiwa na mzigo sasa napanda ya tatu. Mafuta inakula zaidi, sikudanganyi.

Ila kabla hujatoa hela yoyote badilisha kwanza sproketi (gia ya mnyororo) ya mbele. Kama unayo ya meno 15 weka 14, nguvu kwenye tairi inaongezeka karibu asilimia 7 na bei yake haifiki mafuta yako ya siku mbili. Spidi ya mwisho inapungua lakini wewe na magunia ya dagaa unakimbilia wapi. Mimi niliifanya mwishoni kabisa na nilijilaumu, kwa mzigo mmoja tu ingenitosha. Kwa yako ya magunia mawili na moshi juu, injini lazima ifunguliwe tu.

Ukiamua kuja Igoma niambie nikuelekeze kwa mzee, ila usimpelekee bloku uliyonunua tayari, anataka aione kesi kwanza.