Maswali ya Wasomaji: Mtoto Wetu na Safari ya Mtumbwi Porini

Kila mwaka, fomu za kambi za kiangazi zinapoanza kufika nyumbani kwa familia zetu zinazoishi Marekani, safu hii hupokea barua kuhusu safari za mitumbwi za kaskazini mwa Minnesota. Mwezi huu nimechagua nne. Ninazijibu nikiwa mtu aliyezaliwa Ukerewe, akakulia ndani ya mtumbwi wa baba yake, kisha akaongoza makundi ya wasichana kwa majira tisa ya kiangazi katika hifadhi ya Boundary Waters.

*Dada mhariri, salamu. Binti yetu wa miaka 14 anataka kwenda na rafiki yake wa shule kwenye kambi ya vijana ambako watasafiri kwa mtumbwi siku 8 katika pori la mpakani mwa Minnesota na Kanada, wakilala kwenye mahema, bila simu. Binti anaogelea kidogo tu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alizama Ziwa Victoria mwaka ule ule binti huyu alipozaliwa, na tangu siku hiyo mume wangu hataki kusikia neno mtumbwi. Yeye anaogopa maji, mimi naogopa dubu. Je, tumkatalie? — Mama, Brooklyn Park, Minnesota*

Dada yangu, poleni sana, na umpe pole mume wako kwa niaba yangu. Nimetoka katika kisiwa ambacho karibu kila ukoo una mtu wake aliyechukuliwa na ziwa, kwa hiyo hofu yake siichukulii kuwa ya kitoto, na ninakuomba nawe usiichukulie hivyo mnapozungumza.

Nianze na dubu, maana hilo ni jepesi. Dubu wa pori lile ni dubu weusi, ambao kwa kawaida humkimbia binadamu na hufuata harufu ya chakula tu. Ndiyo maana kila kundi hutakiwa kukihifadhi chakula usiku kwa kukitundika juu ya mti au kukifungia katika chombo ambacho dubu hawezi kukivunja, na watoto hukatazwa kulala na hata peremende moja ndani ya hema. Kanuni hiyo ikifuatwa, mbu watamsumbua binti yako kuliko dubu.

Maji ndiyo yanayostahili mazungumzo marefu. Boundary Waters ni pori la zaidi ya ekari milioni 1 ndani ya Msitu wa Taifa wa Superior, lenye maziwa zaidi ya 1,000 yaliyounganishwa kwa mito na kwa njia za miguu ambazo wasafiri hupita wakiwa wamebeba mitumbwi yao. Sheria ya mwaka 1978 ilipiga marufuku injini katika sehemu kubwa ya maziwa hayo, na kanuni za hifadhi haziruhusu kundi lenye zaidi ya watu 9 na vyombo 4, kwa hiyo binti yako hatapotea katika umati. Atakuwa na wenzake watano au sita na viongozi wawili wanaomjua kwa jina. Mengi ya maziwa hayo ni membamba, na kiongozi mwenye busara hupita karibu na ufuko hata kama njia ya katikati ni fupi zaidi.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo sisi wa Ziwa Victoria hatukulijua tulipofika huku, nami nalisema kwa msisitizo kwa sababu ndilo lililonisukuma kukujibu kwa kirefu. Tulifundishwa tangu utotoni kuliogopa wimbi na upepo wa ghafla, lakini hakuna aliyetufundisha kuiogopa baridi ya maji, kwa kuwa maji ya kwetu ni ya vuguvugu mwaka mzima. Maziwa ya kaskazini mwa Minnesota huvua barafu mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, na mwanzoni mwa Juni, jua linapowaka na watoto wanapotembea kwa fulana, maji bado yana baridi ya kumkata mtu pumzi. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambaye ameichunguza baridi katika mwili wa binadamu kwa miaka mingi, hufundisha kwamba mtu aliyetumbukia katika maji ya baridi kali ana dakika 1 ya kuidhibiti pumzi yake, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado itamtii, na takriban saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Utaona kwamba katika hesabu hiyo ufundi wa kuogelea hauna nafasi kubwa. Kinachomwokoa mtu ni jaketi la kuokolea alilokwisha kulivaa na kulifunga kabla ya kuanguka, pamoja na wenzake wanaojua namna ya kumtoa haraka.

Tarehe 11 Juni 1978, katika Ziwa Timiskaming lililoko mpakani mwa Ontario na Quebec, wavulana 12 na mwalimu mmoja wa shule moja ya Ontario walikufa katika safari ya mitumbwi. Majaketi walikuwa wameyavaa. Mtumbwi mmoja ulipinduka, mingine ikapinduka katika jitihada za kuwaokoa wa kwanza, na baridi ikawamaliza wakiwa wanaelea. Sikuandikii habari hii ili nikuogofye. Nakuandikia ili wewe na mume wako mjue la kuuliza.

Mwachie mume wako ndiye aipigie simu kambi, kwa kuwa atauliza kwa uchungu ambao mimi na wewe hatuna. Aulize kama jaketi huvaliwa muda wote mtu anapokuwa majini, bila kujali joto wala ujuzi, na kama viongozi nao hulivaa. Aulize kama siku ya kwanza watoto hupimwa kuogelea, na kama kabla ya kuondoka hupinduliwa kwa makusudi karibu na ufuko, kisha wakafanya zoezi la kuuvuta mtumbwi uliojaa maji juu ya mtumbwi mwingine, kuumwaga na kuwapandisha walioanguka. Aulize viongozi wamesomea huduma ya kwanza ya porini au ile ya mjini tu, ambayo hudhani gari la wagonjwa litafika upesi. Swali la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote: upepo ukivuma siku nzima, kundi hufanya nini? Jibu ninalolitaka ni kwamba hukaa ufukweni, hata kama ratiba itaharibika. Kambi ikijigamba kwamba vijana wake hawajawahi kuchelewa, mtafutieni binti kambi nyingine.

Kuhusu simu, katika sehemu kubwa ya pori lile simu ya mkononi haipati mtandao, na kambi nyingi hukusanya simu za watoto siku ya kuwasili. Viongozi huwa na chombo cha mawasiliano ya setilaiti kwa ajili ya dharura, hakikisheni kipo. Siku hizo 8 zitakuwa za kimya, nanyi mkubaliane mapema kwamba kimya hicho maana yake ni kwamba hakuna lililoharibika.

Naongeza neno moja kuhusu fomu ya afya. Kiangazi kimoja nilikuwa na msichana ambaye wazazi wake, watu wa kwetu, hawakuandika kwamba ana pumu, wakihofia atakataliwa. Usiku wa tatu kifua kilimbana, dawa yake ilikuwa imebaki nyumbani, na tulipiga kafi tangu alfajiri hadi mchana kumfikisha barabarani. Alipona, namshukuru Mungu. Andikeni pumu, mzio, dawa, kukojoa kitandani na hofu ya maji, kwa kuwa kiongozi aliyeambiwa mapema hujipanga na huitunza siri, na aliyefichwa huijua habari wakati mbaya kuliko wote.

Mimi ningemruhusu, kwa sharti kwamba aanze masomo ya kuogelea wiki hii na kwamba majibu ya kambi yamridhishe baba yake. Tena binti aelezwe kisa cha baba yake mdogo kabla hajaondoka, kwa sababu mtoto anayejua kwa nini anafungwa jaketi hatalifungua nyuma ya migongo yenu.

*Assalaam alaykum, dada. Kijana wetu wa miaka 13 ataenda safari ya siku 6 mwezi Juni. Tunaweza kumfungia makopo ya samaki na nyama ya halali? Na ataswali vipi akiwa na kundi la wasio Waislamu? — Baba, Columbus, Ohio*

Wa alaykum salaam, kaka yangu. Makopo yasahau kabisa: kanuni za Boundary Waters zinakataza kuingia na makopo na chupa za kioo za vinywaji na vyakula. Samaki wa jodari waliofungwa katika pakiti laini wanaruhusiwa, na nyama kavu ya halali ni chakula kizuri cha safari kwa sababu haiharibiki upesi na ni nyepesi mgongoni.

Chakula cha safari hizi hupikwa katika sufuria moja la kundi, na kwa sehemu kubwa ni uji wa shayiri, wali, maharage, tambi, jibini, karanga na matunda makavu. Matatizo hujificha mahali pawili. Kuna soseji kavu, ambazo mara nyingi zina nguruwe na hutiwa katika tambi bila mtu kuuliza. Na kuna mashimelo, zile peremende laini nyeupe ambazo watoto huzichoma motoni jioni, ambazo kwa kawaida zina jelatini ya nguruwe. Iandikie kambi mapema, kabla chakula hakijafungwa, maana chakula cha safari nzima hupimwa na kufungashwa kwa mifuko ya kila mlo, na kundi likishaondoka hakuna duka njiani. Waombe soseji zipikwe kando, nawe mfungie kijana mashimelo ya halali ya kutosha kundi zima. Nimeona mtoto aliyekuja na mfuko wake wa kugawa akipata marafiki kabla ya usiku wa kwanza kuisha.

Kuhusu swala, katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wa watu wa pwani wanayafuata, msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya, hivyo adhuhuri na alasiri zinaweza kuangukia kwenye mapumziko ya chakula cha mchana. Kwa undani wa masharti muulize shekhe wako. Mwezi Juni jua huko huzama saa tatu usiku hivi, na isha huja wakati kijana amechoka. Mjadilini hilo nyumbani. Kibla kipo upande wa kaskazini-mashariki, na dira haikosekani katika kundi lolote la mitumbwi. Mwambie kiongozi kwamba kijana wako anahitaji dakika 10 za utulivu mara kadhaa kwa siku. Katika miaka yangu yote sijawahi kumwona kiongozi aliyelikataa ombi hilo.

*Dada mhariri, ninaona haya kuuliza, lakini tarehe zangu za hedhi zitaangukia katikati ya safari. Nijitoe? — Msichana wa miaka 15, Des Moines, Iowa*

Usijitoe, mdogo wangu, wala usione haya, maana safari yenyewe huweza kuzisogeza tarehe, na hata wale ambao hawakutarajia hujikuta katika hali hiyo. Beba vifaa vyako vya kawaida na vya ziada kidogo, mifuko midogo isiyoonyesha ndani, na karatasi za kujifutia. Vilivyotumika havitupwi katika choo cha kambini wala motoni. Hufungwa na kurudishwa mjini, na usiku huhifadhiwa pamoja na chakula kwa sababu ya harufu. Kiongozi wa kundi la wasichana huwa na akiba. Mnong'oneze siku ya kwanza, uone atakavyokuonyesha mfuko ulipo bila kuuliza swali la pili.

*Shikamoo mama. Mimi ni mvulana wa miaka 16, mwembamba. Wenzangu wanasema kila mtu lazima abebe mtumbwi peke yake. Nitaweza? — Kijana, Minneapolis, Minnesota*

Marahaba, mwanangu. Utaweza, ila si lazima, na kiongozi anayemlazimisha kijana kubeba asiloliweza amekosea.

Mtumbwi wa kevla, yaani nyuzi nyepesi na ngumu za kiwandani, una uzito wa kilo 20 hivi, na wa alumini hufika kilo 32 au zaidi. Haubebwi kwa nguvu za mikono. Hugeuzwa kifudifudi, na mti wa katikati, uliochongwa au kuwekewa mito, hukaa juu ya mabega yako, ukawa umeuvaa mtumbwi kama kofia ndefu. Kazi ngumu ni kuuinua: huanza kuuvuta mapajani huku magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, kisha unautikisa na kuuzungusha hadi mabegani kwa mkupuo mmoja. Mwenzako akiishikilia juu omo, yaani ncha ya mbele ya mtumbwi, nawe ukaingia chini yake taratibu, mgongo wako hautajua tabu. Fanya hivyo siku za mwanzo.

Njia za miguu ambako mitumbwi hubebwa hupimwa kwa kipimo cha kale kiitwacho rodi, ambacho ni futi 16 na nusu, karibu mita 5, yaani urefu wa mtumbwi mmoja hivi. Ukisoma 80 kwenye ramani, hesabu mita 400. Nyingi ya njia hizo zilikuwa za Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, waliosafiri kwa mitumbwi ya magome ya mti kabla Wafaransa hawajafika kununua ngozi za manyoya. Wapagazi wa biashara hiyo walibeba vifurushi vya kilo 40 hivi, mara nyingi viwili kwa mpigo, kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, kama akina mama wa miteremko ya Mlima Kenya wanavyobeba kuni hadi leo. Njia yao maarufu kuliko zote, Grand Portage, ina urefu wa maili 8 na nusu. Nakueleza haya ili ujue kwamba waliobeba mizigo ile hawakuwa majitu. Walijua tu mzigo ukae wapi mwilini.

Angalia chini, hatua 3 mbele yako, kwa kuwa mawe yenye maji na mizizi ndivyo vinavyoangusha watu. Ukichoka, tafuta mti wenye panda, uiegemeze omo hapo na upumue bila kuutua mtumbwi wote. Ukifika kwenye maji, ingia hadi magotini kwanza, uteremshe mtumbwi mapajani, ndipo uulaze juu ya maji. Usiutue kwenye mawe. Kisha rudi, kwa maana mkoba wako bado uko upande wa pili.