Kabla hujatuma kitambulisho chako kwenye namba ya steshenari

Ukitaka kuujua mtaa, usihangaike na mjumbe wala saluni. Kaa steshenari. Nina duka dogo Mbagala, Dar es Salaam, jirani na ofisi ya serikali ya mtaa: kompyuta mbili, printa, mashine ya kopi, na simu ya duka ambayo namba yake imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa ili watu watume kazi zao kwa WhatsApp. Kwenye namba hiyo huingia kila kitu ambacho mtu hangependa jirani yake akione. Vitambulisho vya taifa vya NIDA, vyeti vya ndoa na vya talaka, majibu ya vipimo, mikataba ya nyumba, taarifa ya benki ya anayeomba viza, barua ya kuachishwa kazi. Mtu anatuma, anasubiri, analipa, anaondoka na karatasi zake. Faili linabaki kwetu.

Wengi hudhani kazi ikishatoka kwenye printa imekwisha. Ujumbe wako bado umo kwenye simu ya duka. Simu imeunganishwa na kompyuta, na faili likifunguliwa pale linashuka kwenye folda ambayo hakuna anayeisafisha mpaka kompyuta ianze kuwa nzito. Cheti kikiskaniwa, skani nayo inahifadhiwa kwa jina la harakaharaka, "skani mpya 2", imebanana na za wenzako. Mashine kubwa za kopi, zile za maofisini zinazouzwa mtumba, nyingi zina diski ndani inayoweza kutunza picha ya kilichopita juu ya kioo. Hata ukikumbuka kuufuta ujumbe kwa wote, WhatsApp inakupa siku mbili na ushee tu, na kinachoondoka ni ujumbe. Nakala iliyokwisha kupakuliwa haiguswi.

Halafu kuna karatasi zilizoharibika, wino ulipofifia au ukurasa ulipotoka umepinda. Hizo hazitupwi. Zinakwenda kwa muuza karanga na kwa mama wa vitumbua. Nimewahi kula karanga zilizofungwa kwenye CV ya mhasibu mmoja mwenye matokeo mazuri ya chuo, namba za simu za wadhamini wake zikisomeka vizuri kabisa.

Ukiyasema haya dukani, jibu ni lilelile: "Mimi masikini, wataniibia nini?" Nalielewa jibu hilo, ila silikubali. Ni kweli kwamba kopi ya kitambulisho peke yake haitoshi kusajili laini. Tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, na laini zisizosajiliwa hivyo kuanza kuzimwa Januari 2020, kidole chako kinahitajika. Lakini matapeli hawaishii kwenye laini. Mtu mwenye CV yako anajua umesoma nini, wapi, unatafuta kazi gani na bosi wako wa zamani anaitwa nani. Akikupigia akajifanya ofisa ajira wa kampuni fulani, akataja kozi yako na mwaka uliohitimu, utakuwa na sababu gani ya kumshuku anapoomba elfu ishirini ya fomu? Kijana asiye na kazi ndiye anayeliwa hapo, maana ana shida na ana haraka. Na namba ya NIDA yenyewe si ya kuchezea. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Sasa fikiria ni wangapi wameweka mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya pesa za simu.

Kinachonikera zaidi hujitokeza msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, katikati ya mwaka. Fomu ya Bodi ya Mikopo inajazwa mtandaoni, inachapwa, inasainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa na wakili au hakimu, kisha inaskaniwa na kupakiwa tena. Aliyefiwa na mzazi analeta cheti cha kifo, ambacho lazima kwanza kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Mwenye ulemavu analeta fomu iliyojazwa na daktari. Anayetoka kaya ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya masikini, anaandika namba ya kaya. Sisemi Bodi isiulize. Fedha ni za umma, na bila uthibitisho wenye uwezo wangejipanga mbele. Ila tazama mzigo unavyokaa. Kadiri ulivyo masikini ndivyo unavyotakiwa kufunua mengi zaidi, na ndivyo usivyo na kompyuta ya kuyafunulia nyumbani kwako. Mtoto wa mwenye kipato hujaza fomu sebuleni na kuskani kwa simu ya baba. Yatima wa Chamazi anatoa cheti cha kifo cha mama yake kwenye mfuko wa nailoni, mbele ya foleni ya watu wanaosubiri kutoa kopi, na binti wa dukani anamuuliza kwa sauti, "Baba naye amefariki au yupo?" Tuliambiwa huduma mtandaoni zitatupunguzia foleni na usumbufu. Zimepunguza kwa aliye na kifaa. Asiye nacho amehamishwa kutoka dirisha la ofisa aliyekula kiapo cha kutunza siri, akaletwa kwenye benchi langu.

Nitaandika ninachowaambia wateja wangu, kuanzia kwenye barua pepe, kwa sababu huko ndiko nilikoona watu wakipoteza nafasi za kazi. Vijana wengi hufunguliwa barua pepe na mhudumu wa steshenari siku wanapojaza fomu ya kwanza. Mhudumu ana haraka, anaweka namba yake ya simu kuwa ya kurejeshea akaunti, na neno la siri analotumia kwa wateja wote. Baada ya miezi kadhaa mwenye akaunti anataka kuingia Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi za serikali, kuangalia kama ameitwa kwenye usaili, neno la siri halikumbuki, msimbo unatumwa kwenye simu ya binti aliyekwisha kuolewa Songea. Fungua barua pepe mwenyewe, kwenye simu yako au ya ndugu unayemwamini, kwa namba yako. Neno la siri andika kwenye daftari uliloficha nyumbani. Wataalamu wengine watanuna, lakini daftari kabatini ni salama kuliko kichwa cha mhudumu. Ukilazimika kuingia kwenye akaunti kupitia kompyuta ya duka, omba dirisha la faragha. Kwenye Chrome ni kubonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi neno lako la siri, kataa. Kabla hujainuka toka kwenye akaunti, usifunge ukurasa tu.

Kwa nyaraka, njia nzuri niliyoiona ni kukaa karibu. Usitume kazi ukiwa nyumbani ukaja kuchukua jioni. Njoo, tuma ukiwa umesimama pale, ikishachapwa omba kwa adabu: "Dada, naomba unifutie faili langu, na kwenye kikapu cha taka pia." Kwenye kompyuta za Windows, kufuta huku umeshika Shift kunaliondoa bila kupitia kwenye kikapu hicho. Kurasa zilizoharibika ondoka nazo, umezilipia au hujazilipia. Ukitumia flashi tarajia virusi, hilo halina mjadala, kwa hiyo usiweke humo kumbukumbu za maisha yako yote. Weka kazi ya siku hiyo.

Kopi ya kitambulisho unayompa mwenye nyumba, dalali au mtu anayetaka umdhamini, ichore mistari miwili ya kukatiza na uandike katikati matumizi yake na tarehe: "Kwa mkataba wa chumba tu." Usiifunike picha wala namba. Kwenye mifumo ya serikali usifanye hivyo, maana wanataka nakala safi. CV ya kutuma kwa mwajiri asiyekujua haihitaji namba ya NIDA, dini, wala majina ya wazazi. Akikuajiri ataviomba vinavyohitajika. Wadhamini wako waombe ruhusa kwanza, kwa sababu namba unazozigawa ni zao. Na kila mara unapokumbuka, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wapo wasajili wa barabarani wenye tabia ya kukwambia kidole hakijasoma, weka tena, na tena, kumbe wanasajili laini nyingine kwa jina lako.

Wazee nawaweka pembeni kidogo. Mzee anakuja kulipia namba ya malipo ya serikali, namsalimia shikamoo, anajibu marahaba huku ananikabidhi simu: "Mwanangu, niwekee na namba ya siri, ni elfu moja mia tisa hamsini na nane." Ameitaja foleni nzima ikisikia. Kumfokea ni utovu wa adabu na hakusaidii. Mimi humwekea kiasi na namba ya malipo, nikifika kwenye namba ya siri namrudishia simu mkononi, nageuka pembeni. Wengine hulalamika kwamba hawaoni vizuri. Basi mjukuu aje naye. Kama wewe ndiye mjukuu mwenyewe, hiyo ni kazi yako, usimwachie muuza kopi.

Sasa wenye maduka. Binti tunayemweka pale hulipwa kidogo, mara nyingi kwa siku, hana mkataba, na siku faili la mtu likionekana kwenye kundi la WhatsApp la mtaa lawama zote ni zake. Hajawahi kuambiwa kwamba picha za pasipoti saizi za watoto wa shule haziwekwi kwenye status kutangaza biashara. Mwenye duka ndiye anayepaswa kumwambia. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo alilozitolea na zisikae kuliko muda unaohitajika. Anayeona amekiukwa anaweza kulalamika kwa Tume. Anayedhani sheria za namna hii ni mapambo aangalie jirani: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi za huko 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na baa moja ya Nairobi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja. Steshenari haina fedha ya namna hiyo hata ikiuzwa na fremu yake.

Dukani kwangu folda ya kazi za wateja inafutwa kila jioni kabla ya kushusha geti, karatasi mbovu zinachanwa, na simu ya duka nimeiwekea mpangilio wa ujumbe kutoweka baada ya saa 24. Muuza karanga alinuna, nikampa magazeti ya zamani. Wateja wachache wamelalamika kwamba wakirudi kesho yake kutoa kopi nyingine ya cheti hatunalo tena faili lao, inabidi watume upya. Bando la kutuma ukurasa mmoja ni dogo sana. Mhudumu wa duka unalotumia akikuona msumbufu kwa sababu umemwomba afute, lipa, chukua karatasi zako, na kazi inayofuata ipeleke kwingine. Mbagala hii hakuna uhaba wa steshenari.