Kabla hujatafuta mfadhili, kwenu ni wapi?

Vijana wakiniuliza wapate wapi mtaji wa filamu ya kwanza, nami huwauliza kwao ni wapi. Ya kwangu niliipigia kwenye jumba la kukodi, waigizaji wakaongea Kiswahili cha taarifa ya habari. Hata mama yangu alisinzia.

Mtazameni mwongozaji wa filamu Jia Zhangke. Amezaliwa 1970 Fenyang, mji mdogo mkoani Shanxi, China. Chuo cha Filamu cha Beijing alisomea nadharia, si uongozaji, ila hakungoja kukabidhiwa kamera: alijikusanya na wenzake wakatengeneza filamu fupi. Moja ikamfikisha Hong Kong, akakutana na mpiga picha Yu Lik-wai. Mwaka 1997 wakaenda Fenyang na kamera ya milimita 16 kutengeneza Xiao Wu, kisa cha mchopozi. Mhusika mkuu ni Wang Hongwei, rafiki yake wa chuo, na maongezi ni kwa kilugha cha pale pale.

Mwisho wake nimeurudia mara nyingi. Polisi anamfunga mwizi pingu kwenye waya kando ya barabara, anaenda zake. Watu wanaanza kujaa. Kamera inamwacha mwizi, inageukia umati, nao wanaikodolea macho. Ni wapita njia waliokuja kushangaa filamu ikipigwa. Mwingine angewafukuza.

Sasa msidhani ni mteremko. Hakuomba kibali, akapigwa marufuku, na filamu zake ndefu tatu za mwanzo hazikupata nafasi katika sinema za kwao; Wachina wengi waliziona kwa DVD za magendo. Kibali kilikuja na filamu ya The World, 2004. Miaka miwili baadaye akabeba Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, kwa Still Life, aliyoipigia Fengjie, mji uliokuwa ukibomolewa kupisha bwawa la Three Gorges.

Ninachomwonea wivu ni kingine: hakutupa watu wala picha. Mwigizaji Zhao Tao alikuwa mwalimu wa ngoma alipomchukua kwa filamu ya Platform ya 2000, na mpaka leo wako pamoja. Filamu yake ya 2024, Caught by the Tides, imetumia vipande alivyovirekodi tangu 2001, hivyo Zhao Tao anazeeka mbele ya macho yetu bila msaada wa vipodozi.

Haya, diski yako ya picha za mwaka juzi iko wapi? Itafute leo, iandike tarehe na mahali, na nakala ya pili kaiweke nyumba nyingine.