Maswali ya Wasomaji: Kerneli Mpya, Mipangilio ya Zamani

SWALI: Ninatumia Ubuntu yenye kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) 5.15. Nimepakua msimbo chanzo wa 6.6 kutoka kernel.org, lakini make config inauliza maswali yasiyoisha. Naweza kutumia mipangilio ya kerneli ya zamani? – Msomaji, Sinza

JIBU: Ndiyo, na usianze upya. Ingia kwenye folda ya msimbo chanzo, kisha:

cp /boot/config-$(uname -r) .config
cp .config ../config-zamani
make listnewconfig
make olddefconfig

Ile nakala ya pili usiiguse, ni ya kulinganishia. Amri ya tatu inaorodhesha vipengele vipya bila kubadili kitu. Ya nne inavijaza vyote kwa jibu la kawaida la kila kipengele. Kuna pia make oldconfig, inayouliza kipya kimojakimoja. Hiyo mwachie anayetoka 6.5 kwenda 6.6, kwa mruko wako, utachoka kubonyeza Enter na mwisho utabonyeza bila kusoma.

Tatizo la olddefconfig ni ukimya wake. Kipengele kilichobadilishwa jina au kuondolewa hupotea bila onyo, na wewe utajua siku waifai inapogoma. Kwa hiyo kabla ya kukompaili (kujenga kerneli kutoka msimbo chanzo) andika:

scripts/diffconfig ../config-zamani .config | grep '^-'

Mistari itakayotokea ndiyo iliyotoweka. Mingi haina madhara. Linganisha yenye m (moduli, yaani kipande cha kerneli kinachopakiwa kikihitajika) na orodha ya lsmod, amri inayoonyesha moduli zilizopakiwa sasa. Draiva unayoitumia ikiwa humo, itafute kwa alama ya / ndani ya make menuconfig. Watakaoruka hadi 6.13 wakumbuke kwamba mfumo wa faili wa ReiserFS umeondolewa kabisa, hivyo diski ya mfumo huo haitasomeka.

SWALI: Nimefanya hayo yote, ila make inakwama: “No rule to make target 'debian/canonical-certs.pem'”. – Msomaji, Temeke

JIBU: Mipangilio ya Ubuntu inataja njia za vyeti vya kuthibitisha sahihi vilivyomo kwenye msimbo chanzo wa Ubuntu tu. Futa njia hizo:

scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""
scripts/config --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""

Kisha make -j$(nproc). Umeme ukikatika katikati, andika amri hiyohiyo, vilivyokamilika havirudiwi. Kikitokea kilio cha faili bovu la .o (kipande kilichokwisha kukompailiwa), lifute hilo moja uendelee.

Moduli zisakinishe kwa sudo make INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install, la sivyo taarifa za utatuzi wa hitilafu zitakula nafasi ya diski na kuijaza /boot. Malizia na sudo make install. Kama Secure Boot (kinga inayokataa kerneli isiyo na sahihi inayoaminika) imewashwa, kerneli hii haitawaka hadi uitie sahihi au uizime Secure Boot kwenye BIOS. Ile ya 5.15 iache kwenye menyu ya GRUB, programu ya kuchagua kerneli kompyuta inapowaka.