Tumsaidie Baba au Tumwache Ahangaike Mwenyewe?

SWALI

Mheshimiwa mshauri, shikamoo. Baba yetu, mwenye umri wa miaka 63, alipatwa na kiharusi wiki saba zilizopita. Kilimshika upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo upande wake wa kulia ndio uliopooza. Sasa yumo katika wodi ya utengamao, ambako hufanya mazoezi ya miguu, ya mikono na ya kuongea kwa zaidi ya saa tatu kila siku. Hupiga hatua chache akiwa ameshikwa, lakini mkono bado umelala, na maneno humtoka kwa shida. Jambo linalonishangaza ni kwamba anaweza kuhesabu moja hadi ishirini bila kukwama, halafu akashindwa kulitaja jina langu.

Nyumbani tumegawanyika. Kaka yetu mkubwa anaona kwamba saa hizo hazitoshi. Kila jioni humrudishia baba mazoezi yote, humvuta mkono uliopooza, na baba akichoka humwambia asikate tamaa kama mtoto. Mama naye hawezi kumwona mumewe akihangaika. Humlisha, humvalisha, na hata daktari anapomuuliza baba swali, mama ndiye anayejibu. Juzi baba alilia mbele ya wageni, kisha akacheka ghafla pasipo sababu yoyote, na tangu hapo mama hataki watu waje kumjulia hali. Kwa wiki mbili sasa hatuoni maendeleo, na tumeambiwa kwamba baada ya wiki nne atarudi nyumbani. Ni nani kati yetu anayekosea?
— Kitindamimba

JIBU

Marahaba, mwanangu. Familia unayoieleza ndiyo niliyokutana nayo mara nyingi zaidi katika miaka yangu ya kazi wodini: mmoja anavuta, mmoja anabeba, na wa tatu anaandika barua. Kaka yako na mama yenu wanampenda baba, na bila kujua wanamnyang'anya kitu kilekile, yaani nafasi ya kufanya jambo kwa kadiri ya uwezo wake wa siku hiyo.

Nianze na kaka, kwa sababu hoja yake ina ukweli ndani yake. Seli za ubongo zilizokufa kwa kukosa damu hazifufuki, lakini sehemu zilizobaki hai zinaweza kujenga njia mpya na kuchukua baadhi ya kazi zilizopotea, na huzijenga kwa kurudiarudia tendo ambalo mgonjwa mwenyewe amelikusudia. Ndiyo maana mwongozo wa utengamao wa kiharusi uliotolewa Uingereza mwaka 2023 unapendekeza tiba ya angalau saa tatu kwa siku, kwa siku zisizopungua tano kwa wiki, kwa wale wanaoweza kuistahimili. Hata hivyo, kuongeza tu hakuleti faida kila mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusisha wagonjwa 2,104 katika nchi tano, uliwalinganisha wagonjwa walioinuliwa kitandani mapema sana na mara nyingi zaidi, kuanzia saa 24 za kwanza, na wale waliopewa huduma ya kawaida. Baada ya miezi mitatu, waliorudia hali ya kujitegemea walikuwa wachache kidogo katika kundi lililosukumwa zaidi. Kaka yako atasema kwamba baba yuko katika wiki ya saba, wala si siku ya kwanza, na atakuwa na haki ya kusema hivyo. Ninachotaka akione ni kwamba mazoezi yana kipimo kama zilivyo dawa, na hakuna mtu mwenye busara anayeongeza vidonge vya jioni kwa sababu vya asubuhi vilionekana kusaidia. Uchovu unaotokana na kiharusi haulingani na uchovu wa mtu aliyetoka shambani au ofisini. Ubongo uliojeruhiwa hutumia juhudi kubwa hata kusikiliza mazungumzo, na usingizi wa mchana ni sehemu ya tiba, kwa maana yale yaliyofundishwa asubuhi huendelea kujipanga wakati mgonjwa amelala.

Kuhusu kuvuta mkono, hapo simwombi, namkataza. Kichwa cha mfupa wa mkono hushikiliwa katika tundu la bega na misuli, na misuli hiyo ikilegea kwa kupooza, uzito wa mkono peke yake unatosha kuuteremsha mfupa kutoka mahali pake. Anayeuvuta, au anayemwinua mgonjwa kwa kumshika kwapani, anaweza kusababisha maumivu ya bega yatakayomfanya baba aukinge mkono huo kwa miezi kadhaa, katika kipindi kilekile ambacho ungepaswa kufanya kazi. Mkono uliolala usiachwe ukining'inia. Anapoketi uwekwe juu ya mto au meza, na anapoinuka ashikwe kwa namna ambayo wataalamu wa wodi watawaonyesha. Nguvu za kaka yako zina matumizi bora zaidi: aende wodini wakati wa mazoezi, aombe afundishwe mambo mawili au matatu tu ya kufanya nje ya saa za tiba, ayafanye mbele ya mtaalamu hadi arekebishwe, na asiongeze la nne kwa hiari yake.

Sasa nije kwa mama, na hapa nitakaa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu kosa lake hupongezwa na kila anayepita. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, nasi tumelelewa tukiamini kwamba anayemuuguza mtu vizuri humfanyia kila kitu kabla hajaomba. Kwa homa ya siku tatu, sina ubishi. Katika utengamao, mgonjwa huulizwa uji, hushikishwa kijiko, na husubiriwa. Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Taub alieleza jinsi kiungo kilichodhoofika kinavyoweza kuachwa kabisa, hata baada ya uwezo wake kuanza kurejea, kwa sababu mwenye kiungo alikwisha jifunza katika siku za mwanzo kwamba kila akijaribu hushindwa, na kwamba mkono mzima, au mtu mwingine, atamaliza kazi. Kila kifungo ambacho mama anamfungia baba ni somo la aina hiyo.

Simwambii amwache ahangaike bila msaada. Msaada ugawanywe vipande vidogo, na kitolewe kipande kinachokosekana tu. Chukua mfano wa kuvaa shati. Mkono uliopooza huingizwa kwanza, kisha mkono mzima. Wakati wa kuvua, mkono mzima hutangulia kutoka. Mama amwekee baba shati juu ya mapaja, kola ikiwa upande unaofaa, kisha akae. Ikichukua dakika ishirini, ichukue dakika ishirini. Baba akikwama kwenye kiwiko, amsaidie kupita kiwiko pekee, na sehemu iliyobaki amwachie. Najua kwamba kuketi na kutazama ni kazi ngumu kuliko kuvalisha, na nimewahi kumshauri mke mmoja ashike kitu cha kusuka ili mikono yake isiende yenyewe.

Ipo kazi moja ambayo haifuati kanuni hii, nayo ni kula na kunywa. Kiharusi kinaweza kudhoofisha kumeza, na chakula au maji yakiingia katika njia ya hewa huweza kuleta nimonia. Fuateni kwa ukamilifu maelekezo ya mtaalamu wa kumeza: kama amesema vinywaji viongezwe uzito, basi hata maji ya kumezea dawa yaongezwe, na asionjeshwe kitu kwa siri kwa sababu ametazama kwa macho ya huruma. Ale akiwa ameketi wima, apewe kiasi kidogo kwa mara moja, na asilazwe mara baada ya kula. Nusu saa ya kuketi ni mazoea mazuri. Akikohoa katikati ya chakula, au sauti yake ikiwa kama ina maji ndani baada ya kumeza, mwambieni muuguzi siku hiyohiyo.

Umeuliza kuhusu kuhesabu. Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu, "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Baada ya kifo chake, jeraha lilionekana katika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto wa ubongo. Upungufu wa lugha unaotokana na jeraha kama hilo huitwa afasia. Maneno tuliyoyazoea kwa mfululizo, kama namba, siku za juma, salamu, sala ya utotoni au maneno ya wimbo, mara nyingi hutoka yenyewe hata pale neno la kukusudia linapogoma. Kwa hiyo baba kushindwa kulitaja jina lako hakuna maana kwamba amekusahau. Usimpime kwa kumuuliza "mimi ni nani?" mbele ya watu, na usimhesabishe ili wageni wafurahi. Zima televisheni, keti mbele yake, sema sentensi fupi kwa sauti ya kawaida (hajapoteza masikio), kisha ngoja. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumpa neno. Ikiwa halijaja, mpe maswali ya ndiyo au hapana, picha, kalamu, au ishara ya mkono. Daktari anapomuuliza baba, mama asubiri baba ajibu kwa njia yoyote aliyo nayo, kisha ndipo aongeze.

Kilio na kicheko cha ghafla huenda kikawa tatizo la udhibiti wa hisia, ambapo uso unalia kuliko moyo. Msimkemee wala msimzunguke kwa kumbembeleza. Mwelekezeni kwenye jambo jingine kwa utulivu na mazungumzo yaendelee. Mwambie mama asiwafukuze wageni. Waje wawili wawili, wakae kidogo. Hata hivyo, takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupatwa na sonona, kwa hiyo baba akianza kukataa chakula, mazoezi na watu, au akikosa usingizi siku nyingi mfululizo, daktari aelezwe, kwani matatizo yote mawili yana matibabu.

Kuhusu wiki mbili zisizo na maendeleo, nina shaka na kipimo chenu. Mnamtazama kila siku mkingoja mkono uamke, na mkono mara nyingi huchelewa kuliko mguu. Kwa kawaida maendeleo huwa ya kasi zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, lakini hayapandi kwa mstari ulionyooka, wala hayakomi miezi hiyo ikiisha. Nunueni daftari. Kila jioni andikeni jambo moja alilolifanya, msaada aliouhitaji, na muda uliotumika: ameketi ukingoni mwa kitanda dakika nane bila kushikwa, ameinuka kwa msaada wa mtu mmoja badala ya wawili. Badala ya kuwauliza wataalamu amepona asilimia ngapi, waulizeni wiki hii wanatafuta nini, na wamejuaje kwamba wamekaribia.

Wiki nne si nyingi. Ombeni kikao cha familia na timu nzima sasa, na mwisho wa kikao hicho mjue ni nani miongoni mwenu aliyefundishwa kumhamisha baba kutoka kitandani hadi kitini, choo kitafikiwaje usiku, mazulia yapi yaondolewe, na dawa za kuzuia kiharusi cha pili, hasa za shinikizo la damu, zitasimamiwa na nani. Gawaneni zamu kwa maandishi, pamoja na usiku ambao mama atalala bila kuamshwa. Nawe uliye katikati, chukua daftari.

SWALI

Mke wangu aliumia kichwa katika ajali ya gari miezi minne iliyopita. Wataalamu wanasema anaendelea vizuri, kwani anatembea na anazungumza. Lakini mimi naishi na mtu mwingine: anafoka, anasahau alichoambiwa asubuhi, na anasisitiza kwamba hana tatizo lolote, kwa hiyo haoni sababu ya mazoezi. Nifanye nini?
— Mume aliyechoka

JIBU

Ndugu yangu, miguu ikipona kabla ya tabia, watu humpongeza mume kwa jambo ambalo yeye bado hajaliona. Sehemu za mbele za ubongo, ambazo huumia kwa urahisi katika ajali za aina hiyo, ndizo zinazozuia hasira, zinazopanga mambo na zinazomwezesha mtu kujikagua. Anaposema hana tatizo, huenda si ukaidi. Chombo cha kulionea tatizo ndicho kilichojeruhiwa. Kwa hiyo usibishane naye wala usimletee ushahidi. Mwambie "twende, ni saa nne", kwa sababu ratiba hubishiwa mara chache kuliko hoja.

Huenda umewahi kusikia habari za Phineas Gage, msimamizi wa mafundi wa reli huko Marekani, ambaye mwaka 1848 alipenywa kichwani na fimbo ya chuma, akapona, na marafiki zake wakasema si Gage waliyemjua. Sehemu inayosahauliwa ni kwamba baadaye alifanya kazi ya kuendesha magari ya farasi huko Chile kwa miaka kadhaa. Baadhi ya watafiti wanaona kwamba huenda utaratibu wa kazi hiyo, yenye njia ileile na majukumu yaleyale kila siku, ulimsaidia kujipanga tena.

Kwa hiyo jenga siku isiyobadilika: saa ileile ya kuamka, ubao mmoja ukutani wenye mambo ya leo, simu yenye kengele za kumkumbusha, kelele chache, na mapumziko kabla hajachoka. Chunguza anafoka saa ngapi. Mara nyingi ni jioni, au palipo na watu wengi. Akianza, toka chumbani kwa dakika chache badala ya kujibu. Akikupiga au akitishia kujidhuru, hilo halingoji kliniki ya mwezi ujao. Na waambie wataalamu yale unayoyaona nyumbani, hata kama yeye ameketi pembeni akikana, lakini mwombe ruhusa kwanza, na umwachie nafasi ya kusema upande wake.