Msiwapeleke vijana gerezani kutishwa

SWALI: Naratibu mradi wa serikali wa kuwakinga vijana na uhalifu huku Kisauni, Mombasa. Tuna wavulana kama 30, wa miaka 12 hadi 17, wengine washaanza kubeba visu. Kamati inataka tuwapeleke gereza la Shimo la Tewa, wafungwa wawaeleze yaliyowakuta. Barua ya kibali tumwandikie nani, na kwa safari moja tubebe wangapi?

JIBU: Ndugu mratibu, barua msiandike. Swali hili hunijia kila likizo ikikaribia, na aghalabu basi limeshakodiwa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Marekani walilijaribu miaka ya 1970 katika gereza la Rahway, New Jersey: vijana wakaingizwa ndani, wafungwa wa maisha wakawafokea, watu wakashangilia. Watafiti walipokuja kuwalinganisha waliopelekwa na wenzao walioachwa, waliopelekwa ndio waliozidi kurudia makosa. Ziara hizo ziliwaharibu. Majaribio mengine yaliyofuata yakaonyesha hivyohivyo, na bado kila kamati mpya huliona wazo hili kama embe lililodondoka leo asubuhi.

Wewe ukiingia gerezani unaona kuta. Mvulana wa miaka 15 anaona mwanamume anayeogopwa na wenzake. Kesho yake yuko maskani anaigiza mfungwa alivyokaa, alivyovuta maneno, na wadogo wamemzunguka wanacheka. Halafu humo ndani ya basi mmemkalisha mtoto wa miaka 12, ambaye kosa lake ni utoro wa shule, ubavuni mwa wa 17 mwenye panga. Njia nzima ya kwenda na kurudi, nani anamfunza nani?

Wazazi nao wana yao: kumburuta mtoto hadi kituoni na kumwomba askari "mlaze ndani leo tu, apate adabu." Katiba ya Kenya, ibara ya 53, inasema mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zote zimeshindikana, kwa muda mfupi kabisa, na mbali na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 ikapandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na ikaweka njia ya kumaliza makosa ya mtoto bila kumfikisha mahakamani. Seli si chumba cha adabu.

Pesa za basi mpeni mtu mzima anayezijua nyumba hizo, apite jioni, azungumze na mama, baba na mtoto pamoja. Aliyeacha shule arudishwe kwanza. Mwenye kesi, afisa wa watoto ahusishwe tangu mwanzo. Wenye makosa mazito msiwachanganye na wenye madogo. Ni kazi ya miezi, haina picha za kupeleka kwa wakubwa, ndiyo maana wengi huikwepa.

Wanaonikera zaidi ni wale wanaofanyia biashara hofu ya wazazi: kambi za "kurekebisha tabia", ada mkononi, mtoto ananyolewa, anachapwa, wengine hata kufungwa minyororo, na mzazi anaambiwa asije kumwona hadi "apone". Mtoto hutoka kimya, watu wakadhani ametulia. Anayekuzuia kumwona mwanao usimwamini, hata akivaa kanzu au sare. Ukiisikia kambi ya aina hiyo mtaani kwako, piga 116, nambari ya kuwasaidia watoto. Simu ni bure, usiku na mchana.