Usiende kupiga raundi ya jiu-jitsu na mtu unayemjua kwa maandishi tu

Usiende.

Nimesoma uzi wako mara mbili nikidhani nimeelewa vibaya. Kwa hiyo umefuatilia michango ya watu watatu humu, umewapigia ramli, ukatoka na majibu: huyu wa nukuu za Kijapani ni mpole na mnyenyekevu, yule wa matusi ni mtu hatari, na yule anayeandika “asante” tu ni mgeni au mwoga. Sasa unataka kutoka Morogoro uende Dar Jumamosi, uingie kwenye mikeka ya nyumbani kwa huyo “mpole” mkiwa wawili tu. Halafu unatuuliza kama umewasoma sawasawa, kama ununue gi yako (lile vazi la mazoezi) au uazime, na kama miaka 36 ni kuchelewa kuanza jiu-jitsu, huu mchezo wetu wa kushikana na kukunjana viungo.

Mkuu, hujawasoma. Umesoma wanavyoandika. Mimi nilisoma hivyohivyo, na leo nikitaka kuning'iniza shati kwenye kamba namwita mwanangu.

Wangu alikuwa kwenye kundi jingine la WhatsApp, kwa hiyo usianze kutafuta kama ndiye huyo wako. Nitamwita Mzee Busara. Alikuwa na mkanda wa kahawia kwenye picha yake, ule wa kabla ya mweusi, aya zilizopangika, na hakuna mgeni aliyeingia kundini bila yeye kumkaribisha kwa jina. Watu wakitukanana, yeye anakuja na Jigoro Kano. (Kano mwanzilishi wa judo, aliyeanzisha Kodokan kule Tokyo mwaka 1882. Kano za bega zinakuja mbele.) Chini ya kila ujumbe wake mrefu alikuwa anaweka ule msemo wa Kano, jita kyoei, ustawi wa pamoja wewe na mwenzio. Basi mimi nikamjenga mtu mzima kichwani. Nikampa umri, nikampa sauti nzito ya taratibu, nikamvalisha na miwani. Hata hakuwa na miwani.

Dalili ilikuwepo, tena aliiandika mwenyewe zaidi ya mara moja. Hadithi aliyoipenda kuliko zote ni ile ya mwaka 1951 pale uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, Masahiko Kimura, judoka wa Kijapani, alipomshika Hélio Gracie, bingwa wa jiu-jitsu wa Brazil, mkono kwa mbinu ambayo kwenye judo inaitwa ude-garami. Hélio akakataa kutapu, yaani kupigapiga kwa mkono kuonyesha amekubali kushindwa, Kimura akaendelea kukunja, mkono ukavunjika, watu wa kona ya Hélio ndio wakamaliza pambano. Baada ya hapo Wabrazili wakaiita mbinu yenyewe kimura. Kila mtu kwenye michezo hii anaijua hadithi hiyo, na wengi tukiisimulia tunamsifu Hélio kwa roho ngumu. Mzee Busara alikuwa anaisimulia kwa upande wa pili. “Bingwa haachii mpaka mwenzake akubali.” Mimi nikaona kumbe ana elimu ya historia, nikaweka na dole gumba.

Nikaenda kwake. Na hapa ndipo wengi wanapokosea wakisikia kisa hiki, wanadhani alikuwa mnafiki, kwamba ukifika utamgundua mlangoni. Hapana. Alinipokea vizuri kuliko ndugu zangu. Chai ya tangawizi, maandazi, akaniuliza habari za nyumbani, mikeka ameifagia, akaniazima gi safi. Adabu yake ilikuwa ya kweli. Ningekuwa mkwe wake ningefurahi.

Tukapiga raundi. Mimi mkanda mweupe, yaani mwanafunzi wa chini kabisa, yeye anacheza kwa ulegevu, anaelekeza, safi kabisa. Kisha kwa bahati tu, maana ile mbinu sijaweza kuirudia hadi leo, nikampindua nikawa juu yake. Nikacheka. Nadhani kile kicheko ndicho kilichomaliza mambo, ingawa mke wangu anasema hata ningelia ingekuwa vilevile. Akanitoa juu, akashika kiwiko, akaikunja kimura. Nikatapu mgongoni kwake. Akaendelea. Nikatapu tena na kusema kwa sauti. Nikasikia kitu ndani ya bega, sauti ambayo sitaielezea kwa sababu huenda unakula.

Ndipo akaachia. Akasema, “Sikusikia.”

Nilikuwa nampiga mgongo wake mwenyewe, wakuu. Huo mgongo alikuwa ameuazima kwa nani?

Jioni akanitumia ujumbe wa pole wa aya tatu. Haukuwa na kosa hata moja la nukta. Na chini kabisa, jita kyoei.

Sasa hesabu, kwa sababu wewe unahesabu nauli ya kutoka Morogoro tu. Mimi ni fundi wa madirisha ya aluminiamu. Kazi yangu ni kunyanyua fremu juu ya kichwa na kuishikilia wakati mwingine anakaza skrubu. Eksirei haikuonyesha kitu, kwa sababu kilichochanika ni nyama na kano, si mfupa, kwa hiyo nikapoteza muda nikikandwa maji ya moto na chumvi na kuambiwa nimelala vibaya. Ilipofika zamu ya MRI, kipimo kinachoonyesha hadi nyama, hela iliyolipa ni ada ya shule. Kisha mazoezi ya viungo, kupandisha mkono ukutani kwa vidole sentimita moja moja huku nimeuma meno. Nyumba niliyokuwa nimepewa tenda madirisha yote alimalizia msaidizi wangu. Alifanya kazi nzuri, simlaumu. Ila mteja yule ni wake hadi leo, na mdogo wa yule mteja amejenga pia.

Hasira zangu kubwa wala hazimwelekei Mzee Busara. Zinawaelekea waliomdhamini.

Kabla sijaenda niliuliza kundini, kama unavyouliza wewe: jamani, huyu bwana vipi? Majibu yakamiminika. “Mtu safi sana.” “Namfahamu, ni mwalimu kweli.” “Nenda, utajifunza mengi.” Baada ya bega nikarudi kwa mmoja mmoja na swali moja tu: wewe umewahi kushikana naye? Hakuna. Hata mmoja! Mmoja “anamfahamu” kwa sababu waliwahi kubishana naye kuhusu mbinu fulani ya shingo na akajibiwa kistaarabu. Mwingine alisalimiana naye kwenye mashindano. Wa tatu alisema anamfahamu kwa sababu fulani anamfahamu, na huyo fulani alikuwa ndiye wa kwanza. Yaani ushahidi wote ulikuwa aya zake mwenyewe, zimezunguka kundini zikarudi kwangu zikiwa zimevaa majina ya watu wengine. Nilipolieleza jambo kundini, admini akafunga mjadala “kulinda heshima ya wakubwa”, akaweka na emoji ya mikono iliyokunjwa. Namshukuru kwa maombi.

Siku hiyohiyo wakaniinboksi watu wawili, wote mikanda myeupe. Mmoja ni kiwiko. Mwingine ni shingo. Kila mmoja alikuwa amekaa kimya akidhani ni kosa lake, kwamba alichelewa kutapu. Maana yake majibu yalikuwepo tangu mwanzo. Yalikuwa kwa watu ambao hawaandiki.

Sasa sikiliza, hii ndiyo sheria yangu na sina nyingine: usiulize mtu yukoje, uliza anaachia lini.

Kutapu ndio mkataba wote wa mchezo huu. Unampa mwenzio shingo, kiwiko na goti lako kwa sababu mmekubaliana kwamba ukimpigapiga mkono, au ukisema, ataacha papo hapo. Hakuna kitu kingine kinachokulinda. Mkanda haukulindi, umri haukulindi, na jina la mwalimu wa mwalimu wake kule Brazil ndiyo kabisa. Mtu anaweza kuwa mchangamfu, mlevi, mcha Mungu, mdeni sugu, hayo yote yana wakati wake. Kwenye mkeka unataka kujua jambo moja, na jambo hilo maandishi hayawezi kulionyesha, kwa sababu anayeandika ana muda wa kufuta. Anayekuvuta mkono baada ya kupinduliwa na mkanda mweupe hana huo muda.

Kwa hiyo tafuta watu walioshikana naye kwa mikono yao. Anza na wadogo: wepesi kuliko yeye, wapya kuliko yeye, wanawake waliopiga naye raundi, na hasa walioacha kwenda kwake. Mwanafunzi wake mkubwa usimuulize, huyo ataachiwa siku zote. Waulize hivi: ulipotapu, ilikuwaje? Akijibu haraka “aliachia, tukaendelea”, vizuri. Akianza na “aaa, unajua mzee anapenda mazoezi makali”, funga begi. Kisha waulize alifanya nini siku aliyokamatwa yeye na mtu wa chini yake. Wapo wanaocheka, wanauliza umefanyaje, wanataka uirudie polepole. Wapo wanaodai raundi nyingine hapohapo huku macho yamebadilika. Huo ndio wasifu wa mtu, mkuu. Hizi nukuu ni mapazia.

Na kama hakuna hata mmoja wa kuulizwa, kaa benchi darasa zima bila kuvua viatu. Mahali pasipo na benchi, pasipo na mtu wa tatu, usiende.

Yule wa matusi uliyemwita hatari, bahati nzuri huyo nimeshikana naye. Usidhani ana kwa ana ni malaika. Ni mkorofi vilevile, alichelewa karibu saa nzima, akaanza kwa kutukana gi yangu. Lakini alipokamata kisigino changu akasimama katikati, hata maumivu sijayasikia, akafoka, “Tapu, wewe! Hapa ukisubiri kuumia umechelewa, goti limeshaondoka.” Ni kweli kabisa, mbinu za kukunja kisigino zinaharibu goti kabla maumivu hayajafika, ndiyo maana mashindano mengi ya jiu-jitsu hayawaruhusu mikanda ya chini kuzitumia. Akaachia, akanitukana tena, akanionyesha namna ya kutoka. Nilirudi nyumbani nimetukanwa vizuri na viungo vyote vipo.

Humu tuna ugonjwa wa kugawa tabia kwa kuangalia mtu yuko upande gani. Mnakumbuka 2017, Xu Xiaodong, yule mpiganaji wa MMA (ngumi, mateke na mieleka pamoja), alipompiga mwalimu wa tai chi, sanaa ya jadi ya Kichina, aitwaye Wei Lei, kule Chengdu, China, pambano ambalo halikufika hata nusu dakika? Xu ana mdomo mchafu, basi kila aliyemshangilia tukamwita mhuni, na kila aliyemtetea Wei Lei tukamwona mtu wa heshima na utamaduni. Mzee Busara, bila shaka, aliandika insha ndefu kuhusu adabu iliyopotea duniani. Nikaihifadhi! Ile video inatueleza nani alimpiga nani. Namna Xu anavyomshika mkanda mweupe siku ya kawaida ya mazoezi haimo, na namna walioshabikia wanavyoachia haimo pia.

Na yule “asante” unayedhani ni mwoga, kwanza acha kumwita kaka. Ni dada, ni judoka wa miaka mingi, na ameniambia niandike hivi kwa sababu yeye mwenyewe hana muda wa kuandika. Akikutupa unatua kwa mgongo, unapumua, unashangaa dari. Mkono wako anaushikilia mpaka chini ili usitue kwa kichwa. Huyo ndiye ningemtafuta ningekuwa wewe, maana klabu yao ina darasa la wazi, mlango uko wazi, na wazazi wamekaa pembeni wanachungulia simu.

Najua mtakaofuata chini hapa. Mtasema namchafua mtu ambaye simjui. Huyo wa kwanza kwenye orodha simjui kweli, anaweza akawa ndiye mtu mwema kuliko wote humu, nami sijasema vinginevyo. Ila kila anayetaka kumdhamini kwa mwenye uzi, aanze jibu lake na haya: mlishikana lini, wapi, nani mwingine alikuwepo, na ulipotapu alifanya nini. Ukiwa huna hayo, weka dole gumba upite.